Waya wa kushoto ukae wapi: maongezi ya Jinja kuhusu picha za moyo na pesmeka

Haya niliyaongea Jinja, Uganda, mbele ya wagonjwa wa moyo na watu wao, manesi na klinikal ofisa wa Busoga, wanajeshi wastaafu kadhaa na madereva wa lori wa barabara ya Malaba. Tulitumia Kiswahili manake ndiyo lugha iliyotukusanya wote pale ndani. Salamu nimezikata, mengine nimeyaacha vile nilivyosema.

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa hospitali mliojificha nyuma, mtu akiambiwa moyo wake unahitaji pesmeka, ile mashine ndogo ya betri inayoupa moyo umeme, huwa anauliza maswali mawili, ni bei gani na betri itakaa miaka mingapi, na ndugu zake wakifika wanauliza hayo hayo mawili kwa sauti kubwa zaidi. Waya utawekwa wapi, hilo sijawahi kusikia mtu akiuliza. Na kwa wale ambao moyo umeshachoka, wanaovimba miguu na kulala wamekaa juu ya mito mitatu, hilo swali la tatu ndilo linaloamua kama hela yote ile itafanya kazi ama itakaa tu pale chini ya ngozi ya kifua bila faida. Mimi kazi yangu ni kupiga eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, nashinda kwenye chumba cha giza na jeli mkononi, kwa hiyo mkiona navutia upande wa picha mjue ni ugali wangu huo.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna pesmeka ya kawaida, ile ya moyo unaopiga polepole sana mpaka mtu anaanguka, hiyo ina waya moja ama mbili na shida yake ni rahisi, moyo umesahau kupiga, unaukumbusha. Hii imeanza zamani, mwaka 1958 huko Sweden, mgonjwa wa kwanza kuwekewa ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson, injinia aliyeitengeneza ni Rune Elmqvist na daktari wa upasuaji ni Åke Senning. Ile ya kwanza ilikufa baada ya masaa machache tu! Lakini Larsson mwenyewe aliishi mpaka 2001, akabadilishiwa mashine mara nyingi sana na akawazika injinia na daktari wote wawili. Nasema hivi kwa ajili ya wale wanaofikiri ukiwekewa mashine basi unahesabu siku.

Ya pili ndiyo ya leo. Hii inaitwa CRT, yaani pesmeka ya kuzifanya kuta za moyo zivute pamoja, ina waya tatu, na moyo wake si lazima uwe unapiga polepole, unaweza kuwa unapiga hata mara 90 kwa dakika. Shida yake ni kwamba kuta za moyo hazivuti pamoja. Wale wa Masese hapa mnajua kokoro, ule wavu wa kuvutwa kutoka ufukweni ambao wanajeshi wa ziwa wakikukuta nao utalala ndani, sitaki kujua nani hapa bado anao. Kokoro inavutwa na makundi mawili, moja upande huu na lingine upande ule, na wote wanaenda na wimbo mmoja. Sasa kundi la kushoto likichelewa, yaani la kulia limeshamaliza kuvuta ndiyo wao wanaanza, watu ni wale wale, nguvu ni ile ile, ila wavu unajikunja na samaki wanatokea pembeni. Moyo wenye hiyo shida uko hivyo hivyo, ukuta wa katikati unavuta mapema, ukuta wa pembeni wa kushoto unavuta baadaye wakati wa katikati umeshalegea, damu inasukumwa huku na huku humo humo ndani badala ya kutoka kwenda mwilini, na valvu ya kushoto nayo inaanza kuvuja.

Chanzo ni nyaya za umeme za moyo wenyewe. Kuna njia inayopeleka umeme upande wa kushoto, ikikatika umeme unapita njia ya mzunguko kupitia nyama, unafika umechelewa. Na hili linaonekana kwenye ECG ya kawaida, kile kipimo cha umeme wa moyo kinachotoka kwenye karatasi ya viboksi vya pinki. Hebu manesi nisikilizeni hapa, kiboksi kimoja kidogo ni sekunde 0.04 kama karatasi inatembea kwa spidi ya kawaida ya milimita 25 kwa sekunde, na ule mlima mkubwa wa katikati unaitwa QRS haitakiwi ufike viboksi vitatu. Ukikuta umekaribia vinne, yaani milisekunde 150 na kuendelea, na una umbo la njia ya kushoto iliyokatika, na eko inaonyesha moyo unasukuma asilimia 35 au chini, na mgonjwa bado anahema pamoja na dawa, huyo ndiye mtu wa kumwandikia rufaa haraka. Hiyo karatasi haina gharama kubwa, mashine iko mpaka kwenye hospitali nyingi za wilaya, na bado naletewa watu ambao wamekunywa Lasix, dawa ya kukojoza maji, miaka na miaka hakuna aliyewapiga ECG hata moja.

Je mashine inasaidia kweli? Inasaidia. Utafiti wa CARE-HF uliotoka 2005 ulikuwa na wagonjwa 813, nusu wakapewa dawa peke yake na nusu dawa pamoja na hii mashine, na baada ya kama miezi 29 hivi waliokufa kwenye kundi la dawa walikuwa asilimia 30 na kwenye kundi la mashine asilimia 20. Hiyo ni tofauti kubwa, watu kumi katika kila mia wako mezani wanakula badala ya kuwa makaburini. Lakini sasa, na hapa ndipo nilipotaka kufika, karibu mtu mmoja katika kila watatu anawekewa hii kitu na moyo haubadiliki. Gharama imelipwa, ng'ombe ameuzwa, kiwanja kimeuzwa, na eko ya baada ya miezi sita ni ile ile. Sababu ziko nyingi, wengine walichaguliwa vibaya tangu mwanzo, wengine mapigo yao yamevurugika mpaka mashine haipati nafasi ya kufanya kazi, ila sababu moja kubwa ni waya wa kushoto kukaa mahali pasipofaa.

Niwaeleze unavyoingia. Waya mbili za kwanza hazina maneno, zinapita kwenye mshipa chini ya mtulinga zinaingia moyo wa kulia, moja juu moja chini. Wa tatu unatakiwa kufika upande wa kushoto lakini hauingizwi ndani ya chumba cha kushoto, manake kule damu inaenda ubongoni na ukiweka waya donge likishika ni stroku. Kwa hiyo unapitishwa kwa mlango wa nyuma. Moyo wenyewe una mishipa inayorudisha damu yake chafu, na yote inakusanyika kwenye mfereji mmoja unaomwaga ndani ya chumba cha juu cha kulia, unaitwa koronari sainasi. Daktari anautafuta mdomo wa huo mfereji, na kwenye moyo uliopanuka mdomo wenyewe huwa umehama mahali pake, kazi hapo inaweza kula saa nzima watu wamevaa eproni nzito za kuzuia eksrei jasho linatoka, alafu anafunga mfereji kidogo kwa puto, anapiga dawa ya rangi, na kwenye skrini ya eksrei matawi yanatokea meusi, moja mbele, moja mawili pembeni, moja nyuma. Waya unaingia kwenye tawi mojawapo na ncha yake inalala juu ya ukuta wa kushoto kwa nje.

Sasa tawi lipi? Zamani, na hata leo sehemu nyingi, jibu ni "lile linaloingilika". Waya ukipenya na haurudi nyuma na umeme unashika, watu wanashona wanaenda kunywa chai. Siwalaumu, mwili hauna kila tawi, wengine wana moja tu la maana. Ila ukuta wa kushoto ni mkubwa, na mahali pengine unaweza kukuchezea. Ukiweka chini kabisa kwenye kipembe cha moyo, matokeo yanakuwa mabaya zaidi, hilo lilionekana kwa wagonjwa wa utafiti wa MADIT-CRT walipoangalia waya zilikaa wapi. Ukiweka mbele, karibu na ukuta wa katikati, umekwenda kumsaidia yule ambaye tayari anavuta mapema. Na ukiweka juu ya kovu umefanya kazi bure, manake kovu halina nyama ya kuvuta, umeme unaingia pale unakwama. Kuna Waholanzi wa Leiden walitoa kazi yao 2006, wagonjwa 40 wenye moyo ulioharibiwa na mishipa kuziba, wakawapiga MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, kabla. Wale waliokuwa na kovu zito la upande wa nyuma pembeni, pale pale ambapo waya hupenda kukaa, waliopata nafuu ni asilimia 14. Wasio na hilo kovu ni asilimia 81. Mimi nikiona namba kama hizo, hata kama watu ni 40 tu, nakaa kitako.

Basi picha inatafuta vitu vitatu: wapi ukuta unavuta mwisho kabisa, wapi kuna kovu, na kama kuna mshipa unaofika pale panapotakiwa.

Nianze na eko kwa sababu ndiyo tunayo. Eko ya siku hizi ina programu inayofuata vidoti. Ukiangalia picha ya moyo kwenye skrini utaona ule ukijivu una chembe chembe, zile chembe kila sehemu ya nyama ina mpangilio wake, kompyuta inazishika na kuzifuata pigo zima. Mimi nachora mduara kuzunguka ukuta, mashine inaugawa vipande sita kwa rangi sita, alafu inanitolea mistari sita inayopanda na kushuka. Moyo wenye afya mistari yote inafika kileleni pamoja, inakuwa kama imerundikana. Moyo wenye hiyo shida, wa ukuta wa katikati unapanda mapema, na ule wa nyuma ama wa pembeni unakuja kivyake, peke yake, umechelewa milisekunde 130 au zaidi. Kipande hicho ndicho shabaha. Na kuna kitu cha kuangalia hapo hapo, kama mstari unachelewa lakini haupandi, umelala tu chini ya asilimia 10, achana nao, hilo inawezekana ni kovu na siyo nyama iliyochelewa. Ikiwa hivyo chagua jirani yake.

Hii siyo hadithi ya kwenye makaratasi. Waingereza walifanya TARGET iliyotoka 2012, wagonjwa 220, nusu waya uliwekwa kawaida na nusu daktari aliambiwa na eko alenge wapi. Baada ya miezi sita waliokuwa na moyo uliopungua ukubwa walikuwa asilimia 70 kwa waliolengwa na 55 kwa wengine. Mwaka uliofuata Wamarekani nao wakatoa STARTER, wagonjwa 187, na kule waliolengwa walikufa au kulazwa kwa ajili ya moyo mara chache zaidi. Mnaona, mashine ni zile zile, betri ni zile zile, kilichobadilika ni mtu mmoja kukaa na picha nusu saa kabla ya kisu.

Ila naomba msinisikie vibaya, eko nayo ina dhambi zake. Kuna wakati watu wa eko tulijisifu kwamba tunaweza kuchagua nani apewe mashine, bila kujali ECG. PROSPECT ya 2008 ilijaribu vipimo 12 vya eko kwenye hospitali nyingi, hakuna hata kimoja kilichofaa kutegemewa, wasomaji wawili wanaangalia picha moja wanatoa majibu mawili. Alafu EchoCRT ya 2013 ikamaliza ubishi, wagonjwa 809 wenye QRS nyembamba chini ya 130 ambao eko ilisema kuta zao hazivuti pamoja, waliowashiwa mashine walikufa zaidi, asilimia 11 na kitu dhidi ya 6 na kitu. Kwa hiyo nani apewe, hilo ni la ECG. Wapi waya ukae, hapo ndipo picha inapoingia. Ukichanganya hayo mawili unaua watu.

MRI ndiyo bingwa wa kovu. Wanachoma dawa inaitwa gadolinium, wanasubiri dakika kama kumi, nyama yenye afya inaonekana nyeusi na kovu linang'aa jeupe, mtoto wa shule anaweza kukuonyesha. Lakini ifanyike kabla ya pesmeka, siyo baada, kwa sababu kile chuma cha kifuani kinaharibu picha hata kwa zile mashine zilizoruhusiwa kuingia MRI. Na figo ziangaliwe kwanza. CT, ile eksrei ya kompyuta, nayo nguvu yake ni mishipa, wakipiga kwa wakati sahihi, dawa ikiwa imeshafika upande wa kurudi, unaona matawi yote kabla hujamfungua mtu, unajua kabisa huyu hana tawi la pembeni tusijisumbue. Hizo mbili kwetu siyo kila mgonjwa atazipata, na mimi sitawadanganya kwamba lazima uuze shamba upate MRI. Mtu mwenye umri mdogo, hana kisukari, havuti sigara, moyo umepanuka sawasawa pande zote, eko nzuri ya mtu asiyekimbizana na foleni inatosha kuanzia.

Na hapa tukumbuke moyo wa kwetu siyo moyo wa Ulaya. Tafiti hizo zote nilizotaja zimejaa wazee wa kizungu ambao mishipa ya moyo imeziba. THESUS-HF ya 2012, iliyochukua wagonjwa 1006 wa nchi tisa za Afrika na Uganda ikiwemo, ilikuta wastani wa umri ni miaka 52, karibu nusu ni presha, na wa mishipa kuziba hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Sisi tuna presha, tuna moyo wa kina mama baada ya kujifungua, tuna valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki. Na tuna ule ugonjwa ambao Davies, patholojisti aliyekuwa Kampala, aliuelezea 1948, ambapo kitako cha chumba cha moyo kinajazwa kovu kutoka ndani mpaka chumba kinafupika, EMF wanaiita. Huyo mtu hata waya wa kawaida wa upande wa kulia unaweza kukosa pa kushika, kwa sababu kile kipembe ambacho daktari amezoea kuuegesha hakipo tena. Ukimpeleka teatre bila eko umempeleka fundi gizani. Taasisi ya Moyo pale Mulago ipo tangu 1988 na macho yao yameona EMF, lakini rufaa ikiandikwa vizuri huku chini, na picha ndani yake, inawasaidia na wao.

Kuna jambo jipya ambalo binafsi linanipa moyo zaidi ya haya yote. Mwaka 2017 daktari wa kichina, Huang Weijian wa Wenzhou, alionyesha kwamba unaweza kuchukua waya wa kawaida ukautoboza ndani ya ukuta wa katikati kutoka upande wa kulia, ukauskrubu polepole mpaka ncha ikakaribia njia ya umeme ya kushoto, na umeme ukarudi kupita barabara yake ya asili. Mlima wa QRS unapungua pale pale mezani unauangalia. Hauhitaji koronari sainasi wala tawi lolote, na unaweza kutumia pesmeka ya waya mbili ambayo bei yake iko mbali kabisa na ile ya waya tatu. Tafiti kubwa za kulinganisha hizo njia mbili zinaendelea, kwa hiyo sisemi tutupe ya zamani. Lakini hata hii inataka picha, ukuta wa katikati ukiwa na kovu skrubu haipenyi, na lazima ujue unene wa ukuta usije ukatokea upande wa pili kwenye damu. Kazi yangu haijaisha bado, nashukuru.

Kabla ya maswali, nyinyi wa hospitali za wilaya, nawapa kitu kimoja cha kufanya kesho asubuhi bila mashine mpya. Mgonjwa mwenye pesmeka akija anahema, mpigeni eksrei ya kifua mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Ya mbele peke yake inadanganya, waya wa chini kulia na waya wa kushoto zote zinaonekana zimeelekea upande mmoja. Ya ubavuni ndiyo inasema kweli, waya wa kulia unaelekea mbele karibu na mfupa wa kifua, wa kushoto unapinda kwenda nyuma kuelekea uti wa mgongo. Ukikuta zote mbili zimeangalia mbele, na kadi inasema CRT, basi waya wa kushoto ama umechomoka ama ulikaa kwenye tawi la mbele, piga simu kwa waliomwekea. Linganisha na eksrei ya siku aliyotoka hospitali. Na hapa nina kilio, wagonjwa wanaruhusiwa na kadi tu, ile picha inabaki kwenye kompyuta ya mtu, anakuja kwangu miaka miwili baadaye hakuna cha kulinganisha nacho. Dai eksrei yako kabla hujatoka, iweke kwenye simu, mtumie na mtoto wako WhatsApp.

Tukaingia maswali, nimechukua matatu.

Dada mmoja akasema, dokta, mimi baada ya kujifungua niliambiwa moyo wangu unasukuma asilimia 25, jirani ananiambia nitafute hela ya mashine. Nikamwambia kwanza mimi siyo dokta nnyabo, lakini kwa hilo usiuze kitu chochote sasa. Moyo wa baada ya kujifungua mara nyingi unapanda wenyewe ukipewa dawa na muda, wengine ndani ya miezi sita wako sawa kabisa. Na hata kwa wengine wote, hakuna kuzungumzia CRT kabla mtu hajakunywa dawa zote zinazotakiwa kwa dozi kamili angalau miezi mitatu alafu eko ikarudiwa. Ile eko ya siku ya kwanza mtu amejaa maji haiamui mashine. Akauliza kama anaweza kubeba mimba nyingine, nikamwambia hilo asilifanye kabla hajaongea na daktari wa moyo ana kwa ana, na akasema ameelewa ila mume wake ndiyo aje aelezwe, ukumbi ukacheka, mimi sikucheka manake yuko sahihi.

Nesi wa Kamuli akauliza mbona mgonjwa wake mwenye waya tatu anaruka ruka tumbo kama ana kwikwi. Swali zuri sana. Kuna neva inaitwa freniki inapita ubavuni mwa moyo kwenda kwenye kiwambo, ule msuli wa kupumulia, na mara nyingi inapita juu kabisa ya lile tawi zuri la pembeni, kwa hiyo umeme wa waya unaigusa, kila pigo tumbo linaruka. Wakati wa kuweka huwa wanapandisha umeme mpaka volti 10 kuangalia kama litaruka, lakini mtu amelala chali, akienda nyumbani akalala ubavu wa kushoto mambo yanabadilika. Waya za siku hizi zina vituo vinne kwenye ncha, unaweza kuhamisha umeme kutoka kituo kimoja kwenda kingine kwa programu ya nje, bila kisu. Nesi asimwambie mgonjwa avumilie, ampeleke wakamhamishie.

Wa mwisho alikuwa afande mmoja mstaafu, akasimama wima kama yuko paredi. Akasema yeye ana pesmeka ya waya mbili miaka saba sasa, ilimwondolea kuanguka, lakini mwaka huu miguu imeanza kuvimba, je ni mashine imezeeka? Nikamwambia, mzee, inawezekana mashine ni nzima kabisa na ndiyo inayochangia. Ukipigiwa umeme kutoka kulia siku nzima kila siku, unakuwa umetengenezewa ile ile shida ya upande wa kushoto kuchelewa, na moyo wa baadhi ya watu unachoka kwa hilo. Watu wa Budapest wameongoza utafiti uliotoka 2023, wagonjwa 360 wa aina yako, wale walioongezewa waya wa kushoto walifanya vizuri zaidi kwa mbali ukilinganisha na walioachwa na mashine ya kulia. Kwa hiyo uende na kadi yako, waisome mashine wakwambie ni asilimia ngapi ya mapigo yako inayapiga yenyewe, na eko ipigwe wiki hiyo hiyo.

Akauliza, na huo waya mpya utapita wapi wakati mbili tayari zipo humo? Ndiyo maana, mzee, kabla ya kukufungua watakuchoma dawa ya rangi kwenye mkono wa upande huo huo wa mashine na kuangalia kwenye eksrei. Waya zikikaa miaka mingi mshipa unaweza kuziba na wewe usijue, damu imeshatafuta njia ndogo ndogo pembeni. Ukiwa wazi wanapitisha hapo hapo. Ukiwa umeziba wanaweza kuupanua, ama waingie kwa upande wa kulia waupitishe waya chini ya ngozi ya kifua mpaka kwenye mashine yako ya kushoto, na hilo ni bora lijulikane siku moja kabla kuliko wewe ukiwa mezani na kifua wazi.